Dereva na Mashuka ya Maua

Kuna wateja wanaoingia dukani kwangu wakasema, "Naomba uzi mwekundu," wakapewa, wakaenda zao. Halafu kulikuwa na Dereva.

Siku ya kwanza aliingia na matope ya barabara ya chai hadi magotini, akaegemeza viwiko kwenye kaunta yangu ya kioo, nami nikaiombea kimoyomoyo isipasuke. Akauliza nina nyekundu za aina ngapi. Nikamwambia tatu. Akataka azione zote kwenye mwanga wa nje. Mvua ilikuwa inanyesha, kama kawaida ya Tukuyu, kwa hiyo tukasimama wawili chini ya ukingo wa bati, mimi nimeshika nyuzi, yeye amekunja uso kama mtu anayekagua tairi.

"Hii ni ya damu," alisema. "Hii ni ya nyanya. Hii ya tatu ni ya gari la zimamoto. Mimi nataka ile ya kahawa inayokaribia kuiva. Siku mbili kabla ya kuiva."

Sikuwa nayo. Akasikitika kwa dhati, kama mtu aliyeambiwa kwamba daraja limekatika. Kisha akakumbuka kitu, akajiweka sawa, akasema, "Si mimi. Mama ndiye anayetaka. Mimi nimetumwa tu."

Nilimwamini miaka miwili.

Pale Ibighi, kata yetu ya Tukuyu, kila mtu alimwita Dereva. Alikuwa akiendesha lori la majani mabichi ya chai, kutoka kwenye mabanda ya vijijini wanakopimia wakulima hadi kiwandani, na hata alipostaafu jina lilibaki. Mchungaji alimwita Dereva madhabahuni. Nadhani lile jina lake la kwenye kitambulisho lingesomwa hadharani, yeye mwenyewe angegeuka kuangalia ni nani. Alikuwa mtu mkubwa, shingo na mabega vimeungana, vidole vinene kama ndizi changa. Sauti yake ilitengenezwa kwa ajili ya kuongea huku injini inanguruma, na injini ilipozimwa hakuna aliyemjulisha. Kinyakyusa ndiyo lugha aliyoiotea meno, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa na njia zake: uzi ulikuwa usi, zambarau ilikuwa sambalau, na yeye mwenyewe alijiita Deleva. Chai hakuinywa. Ukimkaribisha alisema ameibeba ya kutosha.

Mimi nimetokea Mbeya mjini, nikapanga chumba cha duka Ibighi, nikauza vitambaa, nyuzi, vifungo na zipu. Mwanzoni sikuwa na rafiki hata mmoja. Kila baada ya wiki mbili Dereva alipoingia na orodha ya "mama", nilifurahi kama nimetembelewa na ndugu. Alijua mambo ambayo wateja wangu wengine hawakuyajua. Alinusa uzi kuona kama utachuja rangi. Aliuvuta kati ya vidole karibu na sikio, akasikiliza. Nilijiambia kwamba mke wake lazima ni mwalimu mkali, kama anaweza kumfundisha dereva wa lori mambo yote hayo ili asije akakosea dukani.

Basi siku moja, Jumamosi, mke wake akaingia. Mwanamke mrefu, mkimya, mwimbaji wa kwaya, amekuja kununua vifungo vya sare zao. Nilimjua kwa sura kutoka kanisani. Nikataka kumwonyesha kwamba mimi ni mwenye duka anayewakumbuka wateja.

"Mama, zile nyuzi za zambarau zilikutosha?"

"Zipi?"

Hapo ningeweza kusema nimekufananisha. Lakini nilikuwa nimeshaanza.

"Zile anazokuchukulia baba. Na zile za kijani, na ile ya dhahabu. Anachagua vizuri kweli, mama. Una bahati."

Aliweka vifungo kwenye kaunta, kimoja kimoja, vyote kumi na viwili. "Baba ananichukulia nyuzi," alisema. Haikuwa swali. "Na anachagua vizuri."

"Sana, mama."

"Ndaga fijo," akanishukuru kwa Kinyakyusa, akatoka kwenye mvua na mwavuli wake ukiwa umefungwa mkononi.

Yaliyofuata niliyajua baadaye. Alikwenda moja kwa moja hadi lilipoegeshwa lori, akapanda, akapekua. Chini ya kiti akakuta kopo la maziwa ya unga. Ndani yake zilikuwemo sindano, mkasi mdogo, ile fremu ya mbao ya duara ya kunyooshea kitambaa, na foronya nyeupe yenye mawaridi yaliyodariziwa nusu. Foronya nzuri ya bibi harusi. Yeye hakuwa bibi harusi wa mtu, na hakuna binti yao aliyekuwa anaolewa. Akaikunja foronya, akaiweka kwenye mkoba, akaenda Suma kwa kaka zake.

Jumatatu asubuhi Dereva akaja dukani. Kwa mara ya kwanza aliongea polepole.

"Mwanangu, umemwambia nini mke wangu?"

Nikamwambia neno kwa neno. Akafumba macho.

"Anasema nina mwanamke. Anasema huyo mwanamke anadarizi, na mimi namnunulia nyuzi. Nimeitwa Suma, kwa mashemeji. Utakuja na mimi."

"Baba, mimi nitasema nini? Sijui kama huna mwanamke."

"Utasema kuhusu nyuzi."

"Kwani hizo nyuzi ni za nani?"

Akageuka kuangalia mlangoni. Akainama juu ya kaunta, akanong'ona, na mnong'ono wake ulisikika hadi kwa muuza parachichi ng'ambo ya barabara.

"Sangu."

Sikuelewa. Nilidhani ni jina la mwanamke. Ilibidi arudie mara mbili, akinyooshea kidole kifua chake mwenyewe, ndipo nikakaa kwenye kigoda changu na kuanza kucheka, na nilipoanza sikuweza kuacha. Yeye alisimama pale ananitazama kwa huzuni kubwa, hadi pembe ya mdomo wake ikaanza kucheza, naye akaanza. Kaunta ikatikisika. Muuza parachichi akaja kuuliza kuna nini, na hatukuweza kumjibu.

Sebule ya kaka mkubwa kule Suma ilikuwa imepangwa kama baraza. Kaka watatu kwenye makochi, wake zao kwenye mkeka, mke wa Dereva kwenye kiti peke yake karibu na dirisha. Foronya ilikuwa imetandazwa mezani, na pembeni yake sahani ya ndizi za kuchemsha ambazo hakuna aliyezigusa. Dereva alikaa kwenye kiti cha mbao kilichomlalamikia.

Kaka mkubwa alikuwa mzee wa kanisa, mwenye kuongea kwa mpangilio. "Shemeji," alisema, "sisi hatuna ugomvi na wewe. Tunauliza swali moja. Haya maua yametoka mkono gani?"

Dereva akainua mkono wake wa kulia. "Huu."

Kaka mdogo alitoa mlio kama wa chupa ya soda inayofunguliwa, akainuka, akatoka nje. Tulimsikia huko uani. Kaka mkubwa hakucheka hata kidogo. Aliona wametukanwa.

"Shemeji, usitufanye watoto nyumbani kwetu."

"Shemeji, nipeni sindano."

Sindano nilikuwa nayo. Nilikuwa na uzi pia, kwa sababu njiani alikuwa amenikumbusha mara nne. Akaulowesha ncha kwa mate, akaitumbukiza kwenye tundu la sindano mara moja tu, kwa vidole vile vile vinene kama ndizi changa. Akaibana foronya kwenye fremu yake, aliyokuja nayo. Pale kwenye waridi lililokuwa halijamalizika akaanza kujaza petali. Tulisikia uzi ukipita kwenye kitambaa, na mvua juu ya bati. Nilimwona mzee wa kanisa akisogea mbele kwenye kochi lake, kidogo kidogo, hadi akawa amekaa ukingoni kabisa.

Petali ilipokwisha, mke wa kaka mkubwa alinyanyuka kwenye mkeka. Alikuwa mdarizi mwenyewe. Akaichukua foronya, akaigeuza, akaangalia nyuma. Nyuma palikuwa safi kama mbele, hakuna fundo, hakuna uzi unaoning'inia. Akalinganisha mishono mipya na ya zamani, akamtazama mumewe.

"Ni yeye," alisema.

Nyumba nzima ikalipuka. Kaka mkubwa, mzee wa kanisa, alilala ubavu kwenye kochi akijifuta machozi kwa tai yake. Kaka mdogo alirudi, akaambiwa, akatoka tena. Wanawake walipigana mabega. Dereva alikuwa anacheka na kutoka jasho kwa pamoja, ameshika sindano juu isije ikamchoma mtu.

Mke wake hakucheka. Alisubiri tumalize, na alisubiri muda mrefu.

"Umefanya kazi hii miaka mingapi?"

"Tisa."

"Mashuka mangapi?"

Akafikiri. "Sijui. Mengi. Kuna mama mmoja wa Mbeya anayachukua. Anawaambia watu ni kazi ya kikundi cha akina mama."

"Miaka tisa," mke wake alisema. "Vitanda vya watu wote vina maua. Mimi nalala kwenye shuka la bluu lenye kiraka. Ukipita barabarani unaonyeshwa nyumba ya bibi harusi, wewe unajua kitandani kwake kuna nini, mimi sijui."

Kicheko kiliisha sebuleni kama kimefungiwa bomba.

"Niliogopa watakucheka," Dereva alisema. "Mke wa mwanamume anayeshona maua."

"Kuchekwa ningechekwa mimi. Ungeniuliza mimi."

Alitazama fremu iliyokuwa mapajani mwake. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo, "Unataka maua gani?"

Mke wake alitazama dirishani muda mrefu. "Nitafikiria," alisema. Na hapo ndipo mtu wa kwanza alipochukua ndizi.

Alifikiria wiki tatu. Mwishoni akataka maua ya kahawa, yale meupe, juu ya shuka jeupe. Meupe juu ya meupe. Ni kazi ya kumtoa mtu machozi, kwa sababu huoni unachofanya, unapapasa. Nadhani ilikuwa adhabu. Dereva aliikubali. Na hii ilikuwa sehemu ya pili ya adhabu: alitakiwa kuifanya hadharani, kwenye baraza la duka langu, kila alipotoka kazini, watu wote wa Ibighi waone.

Wakaona. Siku ya kwanza madereva wenzake walikuja wote, wakasimama na mikono mifukoni. Mmoja akauliza kama anashona pia sidiria. Dereva akamwambia alete vipimo. Siku ya pili wakaja tena, kicheko kimepungua kuliko jana. Siku ya nne mmoja wao akarudi peke yake, akajifanya anatafuta zipu, akauliza kwa kunong'ona kama binti yake anayeolewa Desemba anaweza kupata foronya mbili.

Shuka lilipokamilika mke wake alikuja kulichukua mwenyewe. Alilipitisha kiganja chake juu, amefumba macho, akafuata ua moja hadi lingine. Akalikunja. Akaondoka nalo. Kesho yake Dereva aliniambia kwamba lilitandikwa, na kwamba wote wawili walilala kwenye mkeka chini, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitia mikunjo. Wakalala hivyo siku tano. "Nimepata kitanda kizuri kuliko vyote Rungwe nzima," alisema, "na mgongo unaniuma."

Wengi humuuliza mtu wa namna hii alijifunza wapi. Yeye alijifunzia hospitalini. Lori lake liliwahi kulala ubavu kwenye mteremko, akavunjika mguu, akafungwa bendeji ngumu kwa miezi kadhaa. Muuguzi mmoja alikuwa anadarizi kitambaa cha meza wakati wa mapumziko, akakisahau kwenye kiti karibu na kitanda chake. Dereva alikitazama saa mbili. Kisha akakichukua, akamalizia jani moja. Muuguzi hakugundua. Kesho yake akamalizia mawili. Siku ya tatu muuguzi alikuta kitambaa kimekwisha chote, na mgonjwa amejifanya amelala kifudifudi, jambo lisilowezekana kwa mtu mwenye mguu wa aina ile. Badala ya kugombana, alimletea kitambaa kingine.

Katika darizi alikuwa bingwa wa maua. Ndege hakuwaweza. Kila ndege aliyemdarizi alitoka kuku. Watu waliagiza tausi, wakapata kuku mwenye mkia wa fahari. Waliagiza njiwa wawili wanaobusiana, wakapata kuku wawili wanaogombea punje. Alibisha vikali. "Huyu ni njiwa wa milimani," alimwambia bibi harusi mmoja wa Kinyala, "ninyi wa siku hizi hamumjui." Bibi harusi akasema yeye ameishi milimani maisha yake yote. Lakini alilichukua lile shuka, na baada ya miezi dada yake akaja kuagiza, akasema, "Nataka kama ya dada. Zile kuku."

Jambo lingine ambalo hakulikubali kamwe ni majina. Zamani aliwahi kudarizi shuka lenye majina ya maharusi, FRANK upande mmoja na la binti upande wa pili, katikati moyo. Wiki mbili kabla ya harusi Frank akabadili nia. Binti alikuwa mwanamke wa vitendo. Alirudi na shuka na mchumba mpya, akaomba jina libadilishwe kuwa Lusajo. Dereva akamweleza kwamba ukifumua, matundu yanabaki, Frank atasomeka daima. Binti akasema basi afanye anachoweza. Akamfunika Frank kwa ndege, ndege mmoja kwa kila herufi. Lusajo aliamka kila siku ya ndoa yake akitazama kuku watano waliojipanga mstari, na hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini.

Baada ya kustaafu akaanza kufundisha, pale pale barazani. Wanawake wanane, baadaye kumi na tano, Wakristo na Waislamu, mabinti waliomaliza shule na bibi mmoja aliyekuja kwa ajili ya kicheko tu. Hakujua maneno ya ufundi wa kushona, kwa hiyo aliwafundisha kwa maneno ya gari. Ukileta kazi yako, la kwanza alisema, "Geuza tuone chasisi." Nyuma pakiwa na mafundo, gari lako haliendi safari. Petali ikijikunja vibaya alisema umeingia kona na gia kubwa. Uzi ukiwa umekaza mno: "Umekanyaga breki. Achia. Achia kidogo." Sasa hivi Ibighi kuna wanawake wanaoweza kukufundisha darizi ya aina zote na hawajui kuiita kwa jina lolote ila gia ya kwanza, gia ya pili na rivasi.

Walimpenda mpaka wakamwalika kwenye kicheni pati, sherehe ya kumfunda bibi harusi ambayo mwanamume hatakiwi hata kuisikia kwa mbali. Mashuka yalikuwa yake, walisema, lazima ayakabidhi. Ubishi ulikuwa mkubwa. Mwisho wakakubaliana: akae kwenye kiti mlangoni, ametazama nje, na kanga kichwani. Alikaa saa tatu. Somo aliyekuwa anamfunda binti alisahau kabisa kwamba yupo, akasema yote. Mgongo wa Dereva ulikuwa unatikisika. Alipoulizwa baadaye amesikia nini, alisema amesikia mvua.

Lakini mwanafunzi wake bora hakuwahi kukaa naye barazani. Alikuwa mke wa mwanawe. Hapa lazima nieleze, kwa sababu mimi mgeni ilinichukua muda kuelewa. Kwa Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso. Yeye akija huku, huyu anapita kule. Ni heshima, na Dereva, mtu aliyekaa kwenye kicheni pati na kanga kichwani, kwa hili hakuwa na mzaha. Binti yule naye alikuwa amelelewa hivyo. Lakini alitaka kudarizi, alitaka hasa, na mumewe alikuwa hana kazi ya kueleweka, na nyumba inahitaji kula.

Kwa hiyo alikaa ndani ya duka, nyuma ya pazia la mlango, na Dereva barazani. Kati yao nilikuwa mimi.

"Mwambie aanze na shina," Dereva alisema.

"Baba anasema uanze na shina."

"Nimesikia, dada," binti alisema nyuma ya pazia. "Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia."

"Nimemsikia kwamba amesikia. Alete nione."

Nilikuwa nabeba kitambaa nje, nabeba ndani, siku nzima. Na kila kitambaa kilichotoka kilikuwa na kasoro ile ile: mishono yote imelala upande usio wake. Dereva akaeleza upya. Ikatoka vile vile. Akaeleza kwa Kinyakyusa. Vile vile. Akaanza kunishuku mimi, kwamba nageuza maneno njiani. Wiki ya pili akasimama barazani akavua kofia.

"Mwanangu, nenda ukaangalie. Ameshika sindano kwa mkono gani?"

Nikaingia. Nikaangalia. "Wa kushoto, baba."

Alikaa chini. Binti yule alikuwa ameolewa kwake miaka sita. Amemzalia wajukuu wawili, amempikia, amemfulia. Na yeye hakujua, kwa sababu hakuwahi kumtazama mikono. Kisha akahamisha sindano yake mkono wa kushoto na kuanza upya, yeye mwenyewe, kama mtoto wa chekechea, akijichoma na kulaani kwa sauti ya chini, ili aone mishono inavyolala akishona kama yule aliye nyuma ya pazia. Siku tatu alishona mambo ya kutisha. Siku ya nne akasema, "Mwambie mimi ndiye nilikuwa upande usio wangu. Ashone hivyo hivyo. Ni vizuri."

Nilipoingia kumwambia nilikuta amesikia. Alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa, mabega yanacheza, na sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua.

Baada ya mwaka alidarizi tausi. Nikampelekea Dereva barazani. Alikuwa tausi kweli, kichwa kidogo, shingo ya madaha, jicho kwenye kila unyoya. Dereva alimtazama. Akamgeuza, akatazama chasisi. Akamrudisha mbele.

"Mwambie," alisema, "ni kuku mzuri."

Nyuma ya pazia kulipasuka kicheko.

Wakahamia Kinyala, Dereva na mkewe, kwenye kiwanja walichojenga polepole. Mkwe akabaki na baraza na wanafunzi. Mimi nikashikwa na mambo ya duka, na nilipata nafasi ya kwenda kuwaona mwaka huu tu. Nilikuwa nimeambiwa macho ya Dereva yamepungua nguvu, kwa hiyo nilikwenda nikijiandaa kumhurumia.

Mlangoni, kabla sijasema hodi ya pili, mke wake alinipa sindano na uzi.

"Tunga," alisema. "Kila mgeni anatunga kumi ndipo anapewa kiti. Yeye tundu halioni tena, na mimi sina subira."

Nilitunga kumi. Ukutani juu ya kochi kulikuwa na mto mrefu mwembamba, umechomekwa sindano zilizotungwa tayari, nyingi. Zile tano, mke wake alisema, zimetungwa na mchungaji. Ile yenye uzi uliochanika ni ya yule kijana wa bodaboda, mikono inamtetemeka. Muuza samaki alitunga ishirini, kwa sababu ya umbea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wa dukani. Nimekujua kwa miguu, unakanyaga kama mtu anayeibiwa." Sauti ilikuwa ile ile, dirisha lilitetemeka. Shuka lilikuwa limejaa mapajani mwake hadi sakafuni, na alifanya kazi karibu kwa vidole tu, anapapasa ulipoishia mshono, anaanzia hapo. Alinyoosha mkono bila kutazama.

"Mama, nipe ya kijani."

Mke wake aliinuka, akatembeza kidole juu ya ule mto ukutani, akapita kijani, akapita kijani nyingine, akachomoa sindano yenye uzi wa rangi ya chungwa. Akampa. Dereva akaendelea na jani lake.

Nikatazama shuka vizuri. Mashina yalikuwa ya bluu. Majani ya chungwa, ya waridi, moja jeusi. Maua yalikuwa ya kijani. Sijawahi kuona shuka lililofanana na lile, na nimeuza vitambaa maisha yangu yote. Lilikuwa kama bustani iliyopata habari njema. Nikamfuata mke wake jikoni.

"Mama. Lile jani."

"Miaka yote alichagua yeye," alisema, akipulizia moto, na nilimwona amejibana asicheke. "Sasa zamu yangu. Watu wa Mbeya wanayagombania. Usimwambie, atakasirika."

Nilikula, nikaongea, nikatunga tena sita. Nilipoaga Dereva alisisitiza kunisindikiza hadi kwenye migomba, ameshika bega langu. Tulipofika mbali na mlango akasimama.

"Umeona shuka?"

"Nimeona, baba. Ni zuri sana."

"Majani umeyaonaje?"

Nikageuka kutazama migomba. "Ya kijani, baba. Mazuri."

Akatoa ule mnong'ono wake, ng'ombe wa jirani akainua kichwa.

"Mwanangu, tundu la sindano ndilo silioni. Rangi ya chungwa naiona hadi Tukuyu." Akanibana bega. "Usimwambie. Anafurahi mno."

Akageuka, akarudi peke yake akipapasa migomba kwa kiganja, mmoja baada ya mwingine, hadi mlangoni. Nilisimama pale nikasikia kochi likimpokea.

"Mama," alisema, "sasa nipe ya bluu."

Ndani pakawa kimya, kimya kirefu cha mtu anayechagua.